Aliyelala Chini ya Jiwe la Delia

Walikuja kumfukua mtoto mchanga, wakakuta mguu wa mwanaume.

Daktari Sorcha Lavelle alikuwa ameusafisha kwa brashi mpaka gotini kabla ya kuweka vifaa vyake chini na kupiga simu kituoni. Sajini Bríd Tansey alipofika Lissarone, mvua ya asubuhi ilikuwa imegeuka manyunyu, turubai la buluu limetandwa juu ya shimo, na mifupa iko wazi yote, kuanzia nyayo mpaka fuvu. Tansey alikuwa amepeleleza mauaji katika kaunti ya Roscommon kwa muda wa kutosha kutoshtuliwa na mfupa. Lakini alipopanda ukingo wa boma la kale akatupa jicho nyuma, aliona gari dogo jekundu limeegeshwa kando ya barabara. Ndani yake alikaa bibi mmoja, wima, na jeneza jeupe la mtoto mapajani.

"Nani yule?" aliuliza.

"Bi Delia Mulrennan. Ndiye mwenye mtoto." Lavelle alijifuta matope kwenye suruali. Alikuwa mwanaakiolojia wa kuajiriwa kwa kazi, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza. "Yuko pale tangu saa mbili. Nimemwambia aende nyumbani anywe chai. Kanitazama kama nimemtukania mama yake."

Mahali pale waliita kilini. Waliojenga boma lile la duara walikwisha kusahaulika, majina na lugha yao pia, na kwa kuwa hakuna mkulima aliyethubutu kupitisha jembe ndani ya boma, wazee waliona panafaa kuzika watoto waliokufa kabla ya ubatizo. Kanisa halikuwataka katika ardhi yake iliyobarikiwa. Baba au mjomba alikibeba kisanduku peke yake jua likizama, akachimba, akaweka jiwe jeupe, akarudi nyumbani, na hakuna aliyemuuliza neno. Mama hakwenda. Ulikuwa ukatili, tusiupake sukari, na ulidumu mpaka watu walio hai leo wakaushiriki kwa mikono yao.

Tansey alichutama ukingoni. "Haya, nieleze. Nieleze kama unamweleza mlevi."

"Mwanaume. Miaka thelathini na kitu. Pigo moja, hapa nyuma ya sikio, kwa kitu chenye ukingo mwembamba. Sepetu inaweza. Hakupona."

"Na mtoto?"

"Hakuna mtoto."

"Si ungesema mifupa ya kichanga ni laini, huoza ikaisha?"

"Ningesema. Lakini msumari hauozi ukaisha, Sajini. Pale pembeni nimegusa makaburi mengine mawili ya watoto bila kukusudia, na yote yana kutu ya misumari na doa la ubao. Hapa hamna kitu." Lavelle alionyesha kuta za shimo kwa ncha ya mwiko wake. "Na udongo huu haujavurugwa mara mbili. Limechimbwa shimo moja, likafukiwa mara moja. Huyu bwana hakuwekwa juu ya mtoto. Mtoto hajawahi kuwamo."

Tansey aliitazama mikono ya yule mfu. Ilikuwa imekunjwa kifuani, mmoja juu ya mwingine.

"Kitu kingine," alisema Lavelle. "Kona nne zimenyooka, chini pako tambarare kama meza. Wanafunzi wangu wa chuo kikuu hawachimbi hivi hata nikiwapigia kelele. Aliyemzika hakuwa na haraka. Au hakujua kuchimba vibaya."

"Msaliti huyo," sauti ilisema juu yao.

Mwalimu Cathal Beirne alikuwa amesimama ukingoni na fimbo yake, kofia imelowa, maji yanamdondoka puani. Alistaafu ualimu akawa mwenyekiti wa Chama cha Historia cha parokia, na tangu hapo hakuna jiwe lililopinduliwa katika eneo lile bila yeye kuwepo. Polisi kijana aliyewekwa getini alikuwa amefundishwa na Mwalimu darasa la tano. Hakuweza kumzuia.

"Mwalimu, rudi nyuma ya kamba," Tansey alisema.

"Nimerudi. Tazama kichwa kiko wapi."

"Nakiona."

"Kiko mashariki. Mkristo hulazwa kichwa magharibi, ili siku ya ufufuo aketi akitazama macheo. Huyu kageuzwa. Mwaka wa ishirini na moja vijana wetu walimpiga mtu aliyewauzia Waingereza siri, na mwili wake haujaonekana mpaka leo. Marehemu babu alinisimulia hayo jikoni kwetu. Hawakumuua tu, walimgeuza asifufuke na wenzake. Hiyo ni hukumu, Sajini, si kaburi."

Ilisikika vizuri mno. Tansey alikuwa amezoea kushuku mambo yanayosikika vizuri, ila alikiri moyoni kwamba mfu wa vita ya zamani angemrahisishia siku. Hakuna wa kukamatwa. Ni ripoti moja, na padri wa kuombea.

"Daktari?"

Lavelle alikuwa amepiga magoti karibu na fuvu. Aliingiza vidole viwili taratibu chini ya taya, akatoa kitu kidogo chenye matope, akakimwagia maji kutoka kwenye chupa. Kilikuwa kipande cha meno ya bandia, meno manne ya mbele, yamepachikwa kwenye ufizi wa plastiki wenye rangi ya waridi.

"Mwalimu," alisema, "mwaka wa ishirini na moja babu yako mwenye pesa angekuwa na meno yenye ufizi wa mpira mwekundu uliokoza. Plastiki hii haikuwako mpaka wakati wa vita ya Hitler. Na ukitazama hapa kiunoni, kuna zipu."

Mwalimu aliinama, akatazama, akakohoa. "Basi atakuwa msaliti wa baadaye."

"Nenda kanywe kitu cha moto, Mwalimu," Tansey alisema, na si kwa ubaya.

Alibaki amechutama. Mtu unayetaka kumnyima ufufuo humkunji mikono kifuani. Unamtupa kifudifudi, unafukia, unaondoka. Huyu alilazwa kwa heshima zote, halafu akalazwa kinyume. Heshima na tusi havikai pamoja ndani ya shimo moja.

"Usiondoe chochote mpaka mpiga picha amalize," alimwambia Lavelle. "Na hayo meno yaweke peke yake."

Kisha akashuka kwenda kwenye gari jekundu.

Bi Delia alimfungulia mlango bila kuambiwa. Alikuwa na miaka sitini na kitu lakini ugonjwa ulikuwa umemwongezea ishirini. Koti lake zuri la kanisani lilimning'inia mabegani. Jeneza lilikuwa dogo kiasi kwamba mikono yake miwili ilitosha kulikumbatia.

"Si yeye," alisema.

"Si yeye, Bi Delia. Ni mtu mzima. Mwanaume."

"Nimemwona daktari wako akiweka brashi chini. Nikajua." Aligeuza uso dirishani. "Sasa nisikilize, Sajini, maana wenzako wakija mtaanza mambo ya sheria na mimi sina muda huo. Daktari wa hospitali ananipa mpaka Krismasi. Anasema 'tutaona,' lakini akisema hivyo anatazama viatu vyangu. Nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka mwanangu awekwe ndani ya jeneza hili, na jeneza hili liwekwe mikononi mwangu, tuzikwe pamoja. Huyo mwanaume ni wa kwako, mimi sina haja naye. Nitafutie mtoto wangu."

"Nitajaribu. Nisaidie. Alizaliwa lini?"

"Februari, mwaka wa hamsini na saba. Alizaliwa kimya. Mkunga aliniacha nimshike kidogo. Nikamwita Honoria, jina la mama, ila kimoyomoyo, maana jina nalo lilitaka padri."

"Mumeo alikuwepo?"

"Packie alikuwa Birmingham akichanganya zege. Alikuja Pasaka. Packie, Mungu amrehemu, hakuwahi kitu chochote maishani mwake isipokuwa kufungwa kwa baa."

"Nani alimzika mtoto, basi?"

"Festus. Kaka yangu. Ndiye mtunza kanisa, ndiye huchimba makaburi yote ya hapa. Alitaka kumweka Honoria kwenye kaburi la mama, pale kanisani. Kaburi liko wazi kwa ukoo, nani angejua? Lakini yeye ni mtu wa kufuata utaratibu, akaenda kuomba ruhusa." Bi Delia alibana midomo. "Padri msaidizi akaja mwenyewe mpaka kitandani kwangu kunijibu. Padri Gannon. Kijana, msafi, mashavu mekundu. Alikuwa na meno ya bandia huku mbele, ya kwake yalivunjwa na fimbo ya kuchezea mpira akiwa seminarini, na akihubiri yaligonga. Tak, tak. Sisi wasichana tulikuwa tukicheka mpaka tunaumwa. Basi akasimama pale akaniambia sheria si yake, tak, na Lissarone panatosha, tak. Siku hiyo sikucheka."

Tansey hakutikisika. "Na huyo Padri Gannon yuko wapi siku hizi?"

"Ah, si alikimbia? Wiki ileile. Baiskeli yake ilikutwa stesheni. Walisema amekwenda Uingereza na mwalimu mmoja wa kike wa shule ya ng'ambo ya mto. Wakubwa zake hawakutaka litajwe. Nani humtafuta padri wa namna hiyo?"

"Na huyo mwalimu wa kike?"

"Aliolewa Leeds na fundi bomba. Alikuja likizo mara nyingi tu, na fundi wake, na watoto watatu wanaofanana na fundi. Watu wakaona kwa macho yao, wakaendelea kusema yaleyale."

Manyunyu yaligonga paa la gari. Tansey aliuliza swali la mwisho polepole. "Nani alikuonyesha jiwe lile jeupe?"

"Festus. Nilipoweza kutembea nikamwambia nipeleke. Hakutaka. Nikamlilia. Akanileta, akanyoosha kidole, akasema, 'Yuko hapa, Delia,' na hakunitazama. Nikasema kaka yangu ana huzuni. Tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya misa nakuja, napiga magoti, nasali rozari nzima. Miaka arobaini na moja, Sajini. Na mvua ya kwetu unaijua." Alishusha sauti. "Nilipomwambia nataka kumfukua, alikasirika mno. Alisema wafu hawasumbuliwi. Hatujasemezana tangu Agosti."

Tansey alifungua mlango. "Nitakwenda kumwona kaka yako."

"Basi twende wote."

"Bi Delia, hapana."

"Mimi ninakufa, Sajini. Utanifanya nini?"

Alikuwa na hoja. Tansey alimpeleka kwa gari lake, jeneza likiwa mapajani vilevile, na polisi wawili wakafuata nyuma. Walipofika, alimwomba akae garini kwanza, na Bi Delia alikubali hilo.

Kanisa la parokia lilikuwa la mawe ya kijivu, limezungukwa na makaburi pande tatu. Festus Killoran alikuwa akikwangua ukoka njiani kwa jembe dogo. Alikuwa mzee mrefu aliyepinda kidogo kiunoni, na mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko mwili wake. Alimwona Tansey, akaliona gari, akaendelea kukwangua.

"Mzee Festus. Naitwa Sajini Tansey."

"Nakujua. Nilimzika baba yako."

"Ulimzika vizuri. Mama alisema hivyo."

"Ardhi ya upande ule ni nzuri. Haina mawe."

Tansey hakwenda moja kwa moja. Alitembea kidogo kati ya makaburi, mikono mfukoni, akisoma majina. Mawe yote ya safu zile yalielekea upande mmoja, kama watu waliokaa kwenye viti vya kanisa. Isipokuwa karibu na mlango mkuu, ambako palikuwa na makaburi mawili makubwa yenye misalaba ya marumaru. Hayo yaliyatazama yale mengine uso kwa uso. Alikuwa ameyapita mamia ya mara maishani mwake, harusi na mazishi, na hakuwahi kuyaona.

"Hawa wawili mbona wamegeuzwa?"

Mzee aliinua kichwa. Kazi ni kazi, na mtu aliyeifanya maisha yake yote huulizwa akajibu kabla hajafikiri. "Hao maparoko. Mlei hulazwa kichwa magharibi. Padri hulazwa kichwa mashariki, miguu huku kwa watu. Siku ya mwisho watu wataamka wakitazama macheo, na yeye ataamka akiwatazama wao, kama anavyowageukia misani. Ndivyo baba alivyonifundisha, na—"

Alikoma.

Jembe lilibaki mkononi. Kunguru walipigana juu ya mnara, wakatulia.

"Nani mwingine katika parokia hii anajua hivyo?" aliuliza.

"Anayezika."

"Na anayezika ni nani?"

"Mimi. Tangu baba alipofariki. Mwaka wa hamsini na tatu."

"Mzee Festus, kuanzia sasa lazima nikuambie jambo kwa utaratibu. Si lazima useme lolote ila ukipenda mwenyewe. Utakalosema litaandikwa, na linaweza kutolewa mahakamani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa." Alitazama jembe lake. "Packie alikuwa na hasira sana wakati ule. Shemeji yangu. Angeweza—"

"Packie alikuwa Birmingham mpaka Pasaka."

"Eh. Ni kweli." Alitikisa kichwa, kama mtu aliyejaribu ufunguo usio wake. "Nilitaka tu kuona litakaaje mdomoni. Limekaa vibaya."

"Chini ya jiwe la Delia kuna mwanaume mwenye meno ya bandia. Fuvu lake limevunjwa kwa kitu kama sepetu. Shimo lake lina kona nne zilizonyooka. Mikono yake imekunjwa, na kichwa chake kiko mashariki. Katika parokia hii padri mmoja tu ndiye hajulikani alipo. Mimi hayo yananitosha, yatamtosha na hakimu. Kuna kitu kimoja tu mifupa haiwezi kuniambia." Tansey alisogea karibu. "Mtoto yuko wapi?"

Festus alifuta udongo kwenye jembe kwa kidole gumba.

"Dada yako yumo garini. Ana jeneza tupu mapajani. Ukinyamaza, hakuna wa kukulazimisha, sheria inakulinda. Na yeye atazikwa nalo tupu."

Mzee alitazama gari. Kioo kilikuwa na ukungu, uso wa Delia hauonekani vizuri, ila weupe wa jeneza ulionekana. Festus aliachia jembe likaanguka. Alikaa chini kwenye ukingo wa saruji wa kaburi lililokuwa karibu, akavua kofia.

"Umesimama juu yake," alisema.

Tansey alitazama chini. Jiwe liliandikwa jina la Honoria Killoran, mama yao, na chini yake palikuwa pameachwa nafasi laini, isiyochongwa, ya Delia. Alirudisha mguu nyuma taratibu.

"Hakufika Lissarone hata siku moja," Festus alisema. "Padri alisema hapana, mimi nikasema sawa, Padri. Halafu usiku sikulala. Palipokucha nikakichukua kisanduku nikaja hapa. Nilikwisha kuinua majani vipande vipande, nimechimba kina cha mkono, kikiwa pembeni yangu. Naye akaja kufungua kanisa. Akaniuliza, nini hicho? Nikamwambia, Padri, kisanduku tu, ni kama cha viatu, nani atajua? Akasema, Mungu atajua." Alipitisha kofia mkono hadi mkono. "Akakisukuma kwa kiatu. Si kwa nguvu, Sajini, nisimsingizie. Alikisukuma kama mtu anayesogeza kiti apite. Kikapinduka. Kifuniko kilikuwa na misumari miwili tu, sikuwa na mingine."

Tansey alitoa daftari.

"Nilikuwa na sepetu mkononi," Festus alisema. "Basi."

"Mara ngapi?"

"Mara moja. Ilitosha. Nikamrudisha mtoto kisandukuni, nikamfunika, nikamaliza kaburi lake, nikarudisha majani. Hilo kwanza. Kisha nikamweka yeye kwenye mkokoteni chini ya gunia, nikampeleka kilini. Baiskeli niliipeleka stesheni jioni yake."

"Kwa nini kilini?"

"Alisema panatosha."

Ilikuwa ni mara ya kwanza sauti yake kuwa na makali, na makali hayo yalikuwa yamekaa ndani muda mrefu. Tansey aliandika maneno yale kama yalivyo. Alikuwa na umri wa kuwa na ndugu zake mwenyewe katika makaburi ya namna ile, na hakujifanya kwamba hakuwa nao.

"Lakini ukamlaza kama padri," alisema. "Ungemlaza kama watu wengine, saa hizi ningekuwa na Mwalimu Beirne tunamtafuta msaliti wa mwaka wa ishirini na moja."

"Najua. Nimelijua hilo miaka yote. Nilikuwa shimoni nimemshika miguu, nikajiambia, Festus, mgeuze, usiwe mjinga. Mikono ikakataa." Aliitazama mikono yenyewe. "Nilimnyima ardhi iliyobarikiwa. Hiyo ilikuwa kati yangu na yeye. Lakini siku akiamka awatazame nani? Alikuwa padri."

"Na jiwe jeupe?"

"Delia alitaka aone mahali. Udongo mbichi ulikuwa mmoja tu pale."

Mlango wa gari ulifungwa. Tansey aligeuka. Bi Delia alikuwa anakuja kwa njia ya kokoto, ameshika jeneza, anapumzika kila baada ya hatua chache. Polisi mmoja alitaka kumsaidia. Alimpungia mkono aondoke.

"Naomba nimwambie mwenyewe," Festus alisema.

"Mwambie. Mimi nitakuwa hapa."

Mzee alisimama. Walikuwa hawajasemezana tangu Agosti, na ilionekana. Delia alisimama upande wa pili wa kaburi la mama yao, akahema, akamtazama.

"Wanasema mtoto hayuko kule," alisema.

"Yuko hapa," Festus alisema. "Yuko kwa mama. Nilimweka upande wa kulia, juu, karibu na bega lake. Yuko hapa tangu siku ya kwanza, Delia."

Delia aliitazama ardhi. Kila Jumapili ya maisha yake alipita hatua chache tu kutoka hapo akielekea getini, ana haraka ya kuwahi Lissarone kabla ya mvua. Midomo yake ilicheza. Kwa muda mfupi uso wake wote ulilegea kwa furaha tupu, na Tansey akaona jinsi alivyokuwa enzi za usichana. Kisha akafikiri. Ilionekana akifikiri.

"Basi kule nilikuwa namwombea nani?"

"Padri Gannon."

Delia alikaa chini polepole kwenye ukingo uleule ambao kaka yake alikuwa amekaa, akaweka jeneza kando yake juu ya majani. Alishika magoti yake mawili, magoti yaliyopiga kokoto ya Lissarone miaka yote ile.

"Wewe?" aliuliza.

"Mimi."

"Kwa ajili yake?" Aligusa ardhi.

"Kwa ajili yake. Na kwa hasira yangu. Sitaki kumbebesha mtoto yote."

"Hakuna padri katika kaunti hii aliyepata sala nyingi kama yule," Delia alisema. Haikuwa kicheko, ingawa ilianza kama kicheko. "Rozari nzima, Festus. Kwenye theluji. Nilimwambia mambo yangu yote. Nilimwambia ana macho ya baba."

"Ningefanya nini? Ungejua, ungelazimika kusema. Ungeitwa, ungeapishwa. Nilitaka wewe uwe nje."

Delia alimtazama kaka yake kwa muda mrefu. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na Tansey, aliyekuwa amejiandaa kwa hasira, alitamani ingekuwepo.

"Ungeniambia tu," Delia alisema. "Ningenyamaza nawe. Ningenyamaza mpaka kufa, na ningekuwa na mwanangu."

Kofia ilimwanguka Festus mkononi na hakuiona. Tansey aliiokota, akaipangusa matope, akamvalisha, akamshika mkono juu kidogo ya kiwiko.

"Twende, Mzee Festus."

Alikwenda bila kusumbua. Walipofika getini alisimama, akageuka kutazama ndani, ila hakumtazama dada yake. Alikuwa akipima kwa macho kaburi la mama yake na nafasi iliyobaki pembeni.

"Udongo wa pale una jiwe kubwa upande wa miguu," alimwambia Tansey. "Atakayemchimbia Delia mwambie aanzie kichwani."